Nyumba moja Gede, na maji ndiyo yapange siku

Kila Novemba familia za Nairobi hunitumia ratiba zao za likizo ya Desemba ili nizitazame. Nyingi zinafanana: Ijumaa Diani, Jumamosi Kilifi, Jumapili Malindi, Jumatatu Lamu. Mizigo inafungwa na kufunguliwa kila siku, watoto wanalala ndani ya matatu, na pwani yenyewe wanaiona dirishani. Kazi yangu ni kuongoza wageni, na siku zote nawashauri jambo lile lile: tafuteni nyumba ya wageni ya kijijini karibu na njiapanda ya Gede, mlale hapo usiku nne au tano, mtoke asubuhi na kurudi jioni.

Gede imekaa pazuri mno. Mashariki ni Watamu na bahari. Magharibi ni msitu wa Arabuko-Sokoke. Malindi iko kilomita 16 hivi kaskazini, na Kilifi iko kusini kwenye barabara hiyo hiyo. Treni ya SGR kutoka Nairobi, inayobeba abiria tangu 2017, inakushusha Miritini, stesheni iliyo nje ya mji wa Mombasa. Ukifika Mombasa, matatu za Malindi zinapita Gede. Kutoka hapo ni tuktuk na boda. Nyumba yenyewe usiichague kwa bwawa la kuogelea. Mimi hutazama paa la makuti lisilovuja, chandarua kizima, na mpishi wa kijiji hicho hicho, maana mahamri na mbaazi za nazi zinazoletwa mezani zikiwa moto zinampa mtu nguvu ya kutembea mpaka adhuhuri.

Jambo ambalo sisi tuliokulia bara hatukufundishwa ni maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake zinasogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, yasiyosogea mbali. Tena pwani yetu ina utaratibu wake. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka.

Hilo nililijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza niliwapeleka walimu wastaafu kwenye hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu karibu na Watamu, saa nne asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Nahodha alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba maji yatakuwa yanakupwa, nami nikaitikia bila kuelewa. Mtumbwi ulikwama kwenye tope. Mama mmoja mwenye maumivu ya goti ilibidi abebwe mpaka nchi kavu, na uso wake siku ile sijausahau. Tangu hapo nampigia nahodha kabla sijakata tiketi za treni.

Basi siku ya bamvua naipanga hivi. Alfajiri tunaingia msituni na kiongozi wa hapo, kabla jua halijakali. Arabuko-Sokoke ina ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndiyo nyumbani kwa bundi mdogo wa Sokoke na sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye karibu wote waliobaki duniani wanaishi humo. Saa nne tuko ufukweni Watamu, tukitembea kwenye vidimbwi vya miamba. Ni hifadhi ya bahari tangu 1968, kwa hiyo kombe na matumbawe huachwa yalipo. Saa kumi, Mida.

Magofu ya Gede yanataka asubuhi nzima ya peke yake, na wengi huyapa nusu saa. Mji ulianza karne ya 12 hivi na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapo 1948, alikuta vyombo vya kauri vya China ya enzi ya Ming na shanga za Venice. Kuna kaburi lenye mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mimi huwasimamisha wageni kwenye kisima cha msikiti mkuu. Kisima hicho kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, kwa sababu maji yalikuwa yakididimia. Kuhusu sababu ya mji kuhamwa, wapo wanaotaja mashambulizi ya Waoromo, na wapo wanaotaja Wareno kumhamishia sultani wa Malindi Mombasa 1593. Yote yana uzito, lakini mtu akitazama ndani ya kisima kile anaelewa kwamba kiu peke yake inatosha kuhamisha watu.

Malindi nusu siku inatosha. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika 1498, kila mtu anaijua. Mimi huanzia kwenye makaburi ya nguzo kando ya msikiti wa Juma, kwa kuwa hayo ni ya wenyeji wenyewe. Alasiri tunapanda Marafa kuona Nyari, bonde la mchanga mwekundu, waridi na mweupe lililochongwa na mvua. Kwa Kigiriama, Nyari ni mahali palipomeguka penyewe. Usishuke kabla ya saa kumi, joto lililofungiwa mle ndani ni kali.

Wakati wa upepo wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, bahari imetulia. Aprili na Mei ni masika, na barabara ya Marafa hugeuka tope. Ukishapata tarehe zako, hesabu mwezi wa angani utakuwa na siku ngapi tangu uandame, kisha mpigie nahodha wa Mida umuulize maji yatajaa saa ngapi.