Mbaazi, mahamri na namba za protini: nani alipima, na alipima vipi?

Juzi asubuhi niko Mwembe Kuku, Mombasa, nakula zangu mbaazi na mahamri, kando yangu kijana wa jimu, kifua hichooo, aniambia "ami, hapo wajaza tumbo tu, mbaazi si protini kamili, wazungu walishapima." Yaani eti mbaazi zimekosa baadhi ya vipande vya protini ambavyo mwili lazima uvipate. Nikamuuliza, walipimaje? Akasema si wanatoa damu tu, wanaangalia kama protini imepungua. Ndo nikaona niandike vile wanasayansi walivyopima mwili wahitaji kiasi gani, manake hili jambo wengi tumelibeba kichwa chini miguu juu.

Tuanze na hiyo damu. Amino asidi ni vile vipande vidogo vinavyounganishwa mpaka ikawa protini, ziko 20, na 9 kati yao mwili hauwezi kujitengenezea wenyewe, lazima ule: laisini, lusini, isolusini, valini, threonini, methionini, fenilalanini, triptofani na histidini. Sasa hizi kwenye damu zipo saa zote hata ukishinda na njaa, kwa sababu mwili wabomoa protini zake na kujenga zingine usiku na mchana. Kutazama damu peke yake ni kama kusimama Likoni pale feri ukaona watu wamejaa, alafu ukadai ushajua wangapi wameingia kisiwani leo na wangapi wametoka. Hujajua kitu. Lazima uhesabu wanaoingia na wanaotoka.

Kuna wale nao wa "hizo namba za mahitaji ya mwili zote ni za panya". Panya walisaidia sana, hilo silikatai, 1914 kule Marekani Osborne na Mendel waliwalisha panya wadogo protini ya mahindi inayoitwa zeini, panya wakakonda, wakaongezewa triptofani wakaacha kukonda lakini hawakui, mpaka walipoongezewa na laisini ndo wakakua. Lakini panya mchanga anakua mbio na ana manyoya mwili mzima, mahitaji yake si yako wewe uliyekaa barazani. Za binadamu zilipimwa kwa binadamu.

Na hao binadamu walipata tabu jamani. Profesa William Rose wa Chuo Kikuu cha Illinois, ndiye aliyeigundua threonini mwaka 1935, kuanzia miaka ya 1940 aliwachukua wanafunzi wake wanaume akawalisha chakula kisicho na protini kabisa: wanga wa mahindi, sukari, mafuta, vitamini, na amino asidi za unga zilizopimwa moja moja. Hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna dengu. Alafu anaondoa amino asidi moja na kuwafuatilia. Ndani ya siku chache tu wakikosa moja ya zile za lazima, hamu ya kula yakatika, wanachoka ovyo, na hasira za karibu. Mie ningetoroka siku ya pili.

Alichokuwa anapima ni nitrojeni. Karibu asilimia 16 ya protini ni nitrojeni, kwahivo ukijua nitrojeni iliyoingia kwa chakula na iliyotoka kwa mkojo na choo, unajua kama mwili unajijenga, uko sawasawa, au unajila wenyewe. Mkojo wote wa saa 24 unakusanywa kwenye galoni, hata tone lisipotee, na wanasayansi hawamwamini mtu kwa maneno, wanapima pia kreatinini, taka ya misuli ambayo hutoka karibu kiasi kile kile kila siku, sa ikipungua ghafla wanajua kuna mtu amekojoa kwingine akanyamaza. Na haikuwa wanaume peke yao, 1956 Ruth Leverton na wenzake wa Nebraska walichapisha namba za wasichana.

Hapa ndo kuna dhana ambayo hata waliosoma wanaingia: kwamba hesabu ikishatoka kwa mizani ya nitrojeni basi imekwisha, ni kama imeandikwa kwenye jiwe. Wapi! Hii mizani ina upande wa kuibia. Chakula kilichobaki kwenye sahani na kikombe kinahesabiwa kama kimeliwa, na nitrojeni inayotoka kwa jasho, nywele, kucha na ngozi ni ngumu kuikusanya (hebu fikiria jasho la Mombasa mwezi wa pili), kwahivo kinachoingia chaonekana kingi kuliko kweli na kinachotoka chaonekana kidogo. Makosa yote mawili yanavuta upande mmoja, mtu aonekana anatosheka na kidogo kumbe bado. Juu ya hapo wale wanafunzi wa Rose walishibishwa wanga na mafuta mengi sana, na mwili wenye nishati ya kutosha hutumia protini kwa ubahili.

Ndo maana laisini, kwenye ripoti ya 1985 ya FAO na WHO, yale mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, mtu mzima aliandikiwa miligramu 12 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na ripoti ya WHO iliyotoka 2007 ikasema 30. Mara mbili unusu! Lusini nayo ikatoka 14 ikaenda 39. Miili ya watu haikubadilika hapo katikati, kilichobadilika ni njia ya kupima. Mwanasayansi Vernon Young wa chuo cha MIT, Marekani, ndiye alikazana miaka ya themanini kwamba zile namba za zamani ni ndogo mno, akaja na kaboni-13.

Nikitaja kaboni-13 watu washasikia mionzi. Hapana. Kaboni-13 haitoi mionzi yoyote, iko hata kwenye hicho kitumbua unachokula, karibu asilimia 1.1 ya kaboni yote duniani ndo hiyo. Ni nzito kidogo tu kuliko kaboni ya kawaida, mashine yaweza kuitambua.

Njia nzuri zaidi kwa maoni yangu ni ile ya watafiti Pencharz na Ball kule Kanada, na inaeleweka ukiwahi kukaa na mtu anayefunga sambusa za Ramadhani. Una manda nyingi lakini nyama ya kusaga chache. Unafunga mpaka nyama inaisha, manda zilizobaki zakauka unazitupa. Ukiongeza nyama, za kutupwa zinapungua, ukiongeza tena zinapungua, mpaka pafika mahali hata ukiongeza nyama za kutupwa hazipungui tena. Pale pale ndo kiasi cha nyama ulichohitaji. Sasa manda ni fenilalanini yenye alama ya kaboni-13, nyama ni laisini. Mwili hauna stoo ya kuweka amino asidi zilizozidi, unazichoma, na moshi wake unatoka kwa pumzi. Kwahivo mtu anakaa maabara, kila saa anapewa kinywaji kidogo na biskuti zisizo na protini, anapumua na hewa inakusanywa ipimwe kaboni-13 iliyochomwa, anarudi siku nyingine na laisini kipimo kingine, mwisho wanachora grafu watafute pale mstari unapokunja. Masaa kama nane tu kila mara. 1993 waliposoma laisini kwa njia hiyo ikatoka karibu miligramu 37 kwa kilo.

Dhana nyingine fupi: namba ya gramu 0.83 za protini kwa kilo ya uzito kwa siku si mpaka kwamba ukishuka hapo wadhurika. Wastani wa mahitaji ya watu ni 0.66, ile 0.83 imewekwa juu ili itoshe karibu watu wote, hata wale wenye mahitaji makubwa. Wa kilo 60 ni kama gramu 50. Wala hailingani kwa wote, huko Bangalore, India, wanaume waliokuwa na lishe duni walipimwa wakahitaji laisini kama miligramu 44 kwa kilo, walipotibiwa minyoo ikashuka.

Turudi kwa mbaazi zangu. Hakuna kunde, pojo wala mbaazi iliyokosa hata moja kati ya zile 9, zote zimo, ila zingine ni kidogo. Gramu 100 za mbaazi kavu zina laisini kama gramu moja unusu, na hesabu ya ile miligramu 30 kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 1.8 kwa siku. Mahindi kiasi hicho hicho yana kama robo gramu tu. Ambacho mbaazi zinapungukiwa ni methionini, na unga wa ngano wa mahamri una ya kuongezea, na si lazima hata viwe mlo mmoja, ukila kimoja asubuhi na kingine jioni mwili unajua kujipanga. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, na nazi je? Nikamwambia tui hapo halimo kwenye hesabu, hilo ni la raha.