Maana ya hifadhidata ya majaribio ndani ya kontena

Mtu anayeandika programu, tuseme ya kutunza kumbukumbu za zahanati, huhitaji hifadhidata ya kujaribia kazi yake katika kompyuta yake mwenyewe, mbali na ile inayotumiwa na wauguzi kila siku. Anaweza kuisakinisha moja kwa moja katika kompyuta hiyo, kama asakinishavyo programu nyingine yoyote, au akaiendesha ndani ya kontena.

Kontena, katika lugha ya kompyuta, ni programu inayoendeshwa ikiwa imetengwa na nyingine: ina mafaili yake na mtandao wake, ilhali inatumia kiini kilekile cha mfumo endeshi kinachotumiwa na wenzake. Kwa kuwa si kompyuta nzima iliyoigizwa ndani ya nyingine, huwaka kwa sekunde chache tu. Uwezo huo wa kutenga umo katika mfumo endeshi wa Linux wenyewe. Docker, programu ya kuendesha makontena iliyotolewa kwa umma mwaka 2013, iliufanya uwe jambo la amri moja. Jina limetokana na makontena ya melini, ambayo kreni ya bandari ya Mombasa huyanyanyua kwa namna ileile, ndani muwe na chai au vipuri vya magari.

Kontena huundwa kutokana na imeji, yaani kifurushi kisichobadilika chenye hifadhidata na kila inachohitaji ili ifanye kazi. Imeji hutajwa kwa jina na toleo, kwa mfano postgres:16, yaani toleo la 16 la programu ya hifadhidata iitwayo PostgreSQL, na hapo ndipo faida kubwa ilipo, kwa sababu mradi wa zamani unaotegemea PostgreSQL 13 na mradi mpya unaotaka 16 hukaa katika kompyuta moja bila kugombana. Toleo liandikwe wazi daima. Asiyeliandika hupewa lililo jipya kabisa siku anapopakua, na mafaili ya toleo kuu moja la PostgreSQL hayafunguki moja kwa moja katika toleo kuu jingine.

Linalowatatiza wengi zaidi ni uhai wa data. Kontena limekusudiwa kufutwa na kuundwa upya wakati wowote, ilhali data haikukusudiwa hivyo. Kontena likisimamishwa, data yake hubaki. Likifutwa, kontena jipya linaloshika nafasi yake huanza tupu. Kwa hiyo data hutengewa hifadhi inayoitwa volyumu, ambayo hupewa jina, hutunzwa na Docker nje ya kontena, na huunganishwa na folda ambamo hifadhidata huandika mafaili yake. Katika postgres:16 folda hiyo ni /var/lib/postgresql/data. Kosea herufi moja ya njia hiyo, na kila kitu kitaonekana kwenda sawa mpaka siku kontena litakapofutwa.

Volyumu ina tabia nyingine inayostahili kueleweka mapema. Nywila inayotolewa kupitia mpangilio wa POSTGRES_PASSWORD, pamoja na mafaili ya SQL (lugha ya kuamuru hifadhidata) ya kuunda majedwali ya mwanzo, husomwa mara moja tu, wakati folda ya data ingali tupu. Nimeona watu wakibadilisha nywila katika mipangilio, wakawasha kontena upya mara kumi, na bado wakakataliwa kuingia, kumbe volyumu ya zamani bado inashika nywila ya zamani.

Maelezo haya yote huandikwa katika faili moja, compose.yaml, linalohifadhiwa pamoja na msimbo wa mradi, ili mwenzako aliyejiunga leo aandike docker compose up na kupata hifadhidata ya toleo lilelile. Amri ya docker compose down huondoa makontena na kuacha volyumu zenye majina; ikiongezwa -v, volyumu nazo hufutwa, na Docker haikuulizi mara ya pili.

Programu ikiendeshwa nje ya kontena, huifikia hifadhidata kwa anwani ya localhost, yaani kompyuta hiyohiyo, na mlango 5432, namba ambayo hifadhidata husikilizia maombi. Programu nayo ikiwa katika kontena lake, localhost humaanisha kontena hilo lenyewe, kwa hiyo sharti itumie jina ambalo hifadhidata imepewa katika compose.yaml.

Tena, mlango ukiandikwa 5432:5432 katika compose.yaml (wa kompyuta kwanza, kisha wa kontena), kwa kawaida Docker kwenye Linux huufungua kwa mtandao wote ambao kompyuta imeunganishwa nao, ikiwa ni pamoja na Wi-Fi ya mgahawani. Kuandika 127.0.0.1:5432:5432 huubana usifikiwe ila na kompyuta yenyewe. Nywila za majaribio huwa dhaifu, na kwa sababu hiyo majina na magonjwa ya wagonjwa halisi hayapaswi kunakiliwa humo hata kwa siku moja. Watungiwe wagonjwa wa kubuni.