Programu Inapofikia Mwisho wa Msaada: Maana Yake

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi iliokuwa imeutoa Julai 2015, na kesho yake kompyuta zinazoutumia ziliwaka kama siku nyingine yoyote. Utulivu huo uliwachanganya wengi. Waliokuwa wakihofia kwamba mashine zao zingezimwa kutoka mbali walishusha pumzi, na wengine wakahitimisha kuwa tangazo lote lilikuwa mbinu ya kuuza kompyuta mpya. Hakuna kati ya makundi hayo mawili lililoielewa dhana yenyewe.

Msaada, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni ahadi ya mtengenezaji kwamba ataendelea kurekebisha kasoro za programu baada ya kuitoa, hasa kasoro zinazoweza kumpa mdukuzi njia ya kuingia. Mwisho wa msaada ni siku ahadi hiyo inapokoma. Leseni haifutwi, faili hazipotei, na programu inaendelea kufanya yote iliyokuwa ikiyafanya jana; kinachokoma ni kazi ya watu waliokuwa wakiziba nyufa zake.

Hatari inayofuata haiji kwa siku moja. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya usalama, yaani marekebisho madogo ya kuziba nyufa hizo, kwa mifumo ambayo bado inahudumiwa, na wadukuzi huvichambua viraka hivyo kwa makini kuliko watumiaji, kwa sababu kiraka humwonyesha mjuzi mahali palipokuwa na mwanya. Windows 11 na Windows 10 zina sehemu kubwa ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, unaofanana. Kwa hiyo mwanya unapozibwa katika mfumo mpya, upo uwezekano mkubwa kwamba mwanya huohuo umo katika mfumo wa zamani, ukiwa wazi na sasa ukiwa unajulikana. Mfumo uliokwisha msaada hauharibiki kwa kuzeeka. Unadhoofishwa na matengenezo yanayofanyiwa ndugu yake.

Mtu anaweza kuona kwa macho yake kompyuta yake imesimama wapi. Akibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, akaandika winver na kubonyeza Enter, kisanduku kidogo hufunguka chenye namba ya toleo. Katika toleo la mwisho la Windows 10 namba hiyo ni 19045, ikifuatwa na nukta na namba nyingine. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikipanda kila viraka vya mwezi vinapoingia, na katika mashine isiyohudumiwa tena haiendelei kupanda. Wapo wanaojifariji kwa sababu Defender, programu ya kukinga virusi iliyomo ndani ya Windows, bado inapokea masasisho, na ni kweli yataendelea hadi Oktoba 2028. Lakini kumtambua mwizi anayejulikana ni kazi moja, na kutengeneza mlango uliovunjika ni kazi nyingine.

Mfano unaotajwa sana ni shambulio la WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili na kudai fidia, la Mei 2017, lililovuruga huduma za hospitali nyingi nchini Uingereza. Microsoft ilikuwa imeuziba mwanya husika mwezi Machi kwa mifumo iliyokuwa ikihudumiwa. Windows XP, iliyofikia mwisho wa msaada Aprili 2014, haikupata kiraka cha wazi kwa umma mpaka shambulio lilipokwisha kuanza. Hata hivyo haki itendeke: wengi walioathirika walikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado na msaada, ila wenyewe hawakuweka viraka. Msaada usiotumiwa haumkingi mtu.

Safari hii jambo limekuwa zito zaidi kwa sababu Windows 11 haikubali kila mashine. Kwa kompyuta nyingi zenye prosesa ya Intel, inadai iwe ya kizazi cha nane au zaidi, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Katika maduka ya kompyuta za mtumba Dar es Salaam na Nairobi, HP EliteBook 840 G3 na G5 zinaweza kukaa kwenye rafu moja, na kwa umbo hazitofautiani sana. G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane inakubaliwa. G3, ambayo prosesa yake ni ya kizazi cha sita, inakataliwa, ingawa inaweza kuongezewa RAM hadi GB 32 na kazi za kawaida za ofisi haizishindwi. Muuzaji asiyelitaja hilo hajadanganya, lakini mnunuzi anayeulizia ukubwa wa diski peke yake ameacha swali lililo muhimu zaidi.

Kwa wanaobaki na Windows 10 kuna muda wa nyongeza. Watumiaji binafsi waliojiandikisha wanapata viraka vya usalama hadi Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30 au, bila fedha, kwa kukubali mipangilio yao ihifadhiwe kupitia akaunti ya Microsoft. Taasisi zinaweza kununua hadi miaka mitatu, kuanzia dola 61 kwa kila kompyuta, na bei huongezeka maradufu kila mwaka.

Katika programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuuchukua na kuubadilisha, nako msaada huisha. Anayedhani hauishi atashtuka. LibreOffice 25.8, programu huria ya kazi za ofisi iliyotolewa Agosti 2025, haifanyi kazi tena kwenye Windows 7 wala Windows 8. Tofauti iko kwa anayeamua. GNOME, mazingira ya eneo-kazi yanayotumika kwenye mfumo endeshi huria wa Linux, ilipohamia toleo la tatu mwaka 2011 na kuacha la pili, mtumiaji mmoja wa Arch Linux, moja ya matoleo ya Linux, kutoka Argentina aliuchukua msimbo wa zamani na kuanzisha MATE, ambayo inatunzwa hadi leo. Leseni inaruhusu hilo, ila haimlazimishi mtu kulifanya, na miradi inayokosa mtu wa kuipokea hukoma kimyakimya bila hata tarehe kutangazwa. Kwangu mimi mradi wa namna hiyo unatisha kuliko kampuni iliyotaja siku yake miaka mingi kabla.

Ndiyo maana anayefikiria kuhamia Linux, kama inavyohimiza kampeni ya End of 10 inayoungwa mkono na KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria, naye atazame tarehe. Ubuntu 24.04, mojawapo ya matoleo ya Linux, ina msaada wa kawaida hadi 2029. Debian 13, toleo jingine, inahudumiwa kikamilifu hadi 2028, kisha kikosi cha msaada wa muda mrefu kinaichukua hadi 2030. Lakini haiwekwi upya tena kwenye kompyuta zenye prosesa za zamani za biti 32, na mwenye mashine ya aina hiyo atalazimika kutafuta toleo jingine la Linux ambalo bado linazihudumia.