Antivairasi inaposhuku faili salama

Wanaoniita kwa sababu antivairasi imezuia programu yao ya uhasibu huwa wameshakata shauri: folda nzima isamehewe ukaguzi, kazi iendelee. Mimi hukataa, na sababu yangu kubwa ni yaliyotokea tarehe 2 Julai 2021. Siku hiyo kundi la wahalifu wa mtandaoni la REvil lilitumia udhaifu wa Kaseya VSA, programu ya kusimamia kompyuta kutoka mbali, kusambaza kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia. Maelekezo ya Kaseya yalikuwa yamewataka watumiaji waisamehe ukaguzi folda ya kazi ya programu hiyo, na ndimo kirusi kilimowekwa. Nchini Sweden, Coop ilifunga mamia ya maduka kwa kuwa mashine za malipo zilikwama.

Hata hivyo antivairasi hukosea kweli, tena vibaya. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la McAfee lilidai kwamba svchost.exe, faili halali la Windows XP, ni kirusi, na kompyuta nyingi zikawa zinajizima na kujiwasha mfululizo.

Kwa hiyo kwanza nathibitisha. Faili linabaki karantini, yaani limetengwa lisiweze kufanya kazi, huku nikikagua saini yake ya kidijitali, inayoonyesha limetoka kwa nani, na kulinganisha alama yake ya SHA-256, msimbo unaokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili, na ile iliyotangazwa na mtengenezaji. VirusTotal husaidia, maana hulipitisha faili kwenye antivairasi nyingi kwa pamoja, ila kinachopakiwa huko kinaweza kupakuliwa na wateja wake wanaolipia. Nyaraka za mishahara au za wagonjwa zisipelekwe, itafutwe alama yake tu. Faili likishukiwa na antivairasi moja au mbili pekee, usijihakikishie usalama, kwani kirusi kipya nacho huanza hivyo hivyo.

Nikiridhika, nalituma faili kwa watengenezaji wa antivairasi warekebishe kosa lao. Hiyo ndiyo tiba. Msamaha ni wa kuvukia kipindi cha kusubiri tu, na huuandika kwa faili moja kwa anwani yake kamili, yaani mahali lilipo kwenye kompyuta pamoja na jina lake, kamwe si kwa folda ambayo mtumiaji yeyote anaweza kuweka kitu, kama ya Temp au ya vipakuliwa. Hata hapo tahadhari inahitajika: Microsoft Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ikisamehe anwani haiangalii kilichomo, hivyo faili jingine likiwekwa mahali hapo kwa jina lilelile litapita.

Msamaha wa mchakato, yaani wa programu inapokuwa ikifanya kazi, ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Katika Defender, programu iliyotajwa yenyewe huendelea kukaguliwa. Kinachoachwa bila ukaguzi wa papo kwa papo ni mafaili yote inayoyafungua. Kuisamehe powershell.exe, programu ya Windows ya kuendeshea kompyuta kwa amri za maandishi, basi, ni kumfungulia mdukuzi chombo anachokipenda kuliko vyote. Februari 2023 Microsoft wenyewe waliwashauri wasimamizi wa Exchange Server, programu yao ya seva za barua pepe, waondoe baadhi ya misamaha iliyopendekezwa kwa miaka mingi, ukiwemo wa PowerShell. Kila msamaha ninaouweka huandikiwa sababu, jina la aliyeuidhinisha na tarehe ya kufutwa.