Kuhamisha Bia ya Nyumbani bila Kuingiza Hewa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaojipikia bia jijini Dar es Salaam walianza kwa kuona mbege au komoni zikitengenezwa, na kwa kuwa pombe hizo hukorogwa, huchotwa kwa kata na kumiminwa kutoka juu bila mtu kulalamika, wamebaki na imani kwamba hewa haiidhuru bia. Jambo ambalo imani hiyo inalisahau ni muda. Mbege hunywewa ndani ya siku chache, chachu ikiwa bado inafanya kazi. Bia ya chupa husubiri wiki kadhaa, na katika joto letu la nyuzi 30 oksijeni iliyoingia siku ya kuihamisha kutoka ndoo ya uchachu kwenda chombo kingine huiharibu upesi zaidi kuliko ingekuwa kwenye friji. Harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu yake, hufifia, rangi hukolea, na ladha huwa kama ya boksi lililoloa.

Wapo pia walioangukia upande wa pili, wakiamini kwamba hewa ni adui tangu mwanzo. Sivyo. Maji ya kimea yaliyochemshwa na kupoa yanahitaji oksijeni wakati wa kutiwa chachu, kwa hiyo hapo yatikise upendavyo. Marufuku huanza uchachu unapokwisha.

Dhana inayowaponza hata wazoefu ni kwamba mpira usiovuja ni mpira uliokaza. Bia inaponyonywa kwa mpira kutoka ndoo ya juu kwenda ya chini, shinikizo katika sehemu ya mpira iliyopanda juu ya usawa wa bia huwa dogo kuliko la hewa iliyo nje, hivyo kiungio kilicholegea hapo hakidondoshi bia, bali huvuta hewa ndani. Mtu hutazama sakafu, akaikuta kavu, akaridhika, ilhali ndani ya mpira kuna vipovu vidogo vinavyofuatana kama shanga kuelekea chini. Kwa sababu hiyo napendekeza mpira unaoonyesha ndani na klipu ya chuma katika kila kiungio, vitu ambavyo havikosekani Kariakoo. Kuanza kunyonya kwa mdomo, kama wafanyavyo wanaohamisha petroli, ni kosa jingine, kwani mdomo una bakteria. Ujaze mpira maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, kisha maji hayo yatangulie kutoka na yamwagwe.

Husemwa tena kwamba kabonidayoksaidi, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutandaa juu ya bia kama blanketi na kuilinda. Uzito huo ni kweli, lakini gesi huchanganyika zenyewe, na kupulizia kidogo ndani ya ndoo iliyo wazi hakufukuzi oksijeni. Njia ya uhakika ni kukijaza maji safi hadi juu chombo kitakachopokea bia, kisha kuyasukuma yatoke kwa kabonidayoksaidi ya mtungi. Asiye na mtungi asikate tamaa: lita 20 za bia yenye kilevi cha asilimia 5 hutoa zaidi ya lita 300 za gesi zinapochachuka, na gesi hiyo ikipitishwa kwa mpira ndani ya chombo cha pili kilichofunikwa vizuri, chenye tundu la kutokea, itaisukuma hewa nje siku hadi siku. Wakati wa kuhamisha, bia ishuke kupitia koki ya chini, na mpira mwingine uunganishe vichwa vya vyombo vyote viwili, ili gesi inayosukumwa chini ipande kujaza nafasi iliyoachwa na bia.

Kuhusu madai kwamba ni lazima bia ihamishiwe chombo cha pili ili ikomae kabla ya kutiwa kwenye chupa, kwa bia ya kawaida ya wiki mbili au tatu si lazima hata kidogo.

Hatari ya mwisho haionekani kabisa. Ndoo iliyofungwa kizibo cha maji, kile kinachoruhusu gesi kutoka bila hewa kuingia, ikiwekwa kwenye friji ili chachu itulie, gesi iliyomo husinyaa, nyingine huyeyuka ndani ya bia, na hewa ya nje huvutwa kupitia kizibo kilekile kinachoaminiwa kuizuia. Badala ya kizibo, fungeni puto safi lililojazwa gesi ya uchachu wenyewe. Asubuhi mtalikuta limenywea, na gesi iliyotoka humo ndiyo iliyochukua nafasi ya hewa ambayo ingekuwa imeingia ndooni.