Je, wajua kwa nini nguzo imara ya daraja hubuniwa ipasuke kwenye tetemeko?

Muulize mtu yeyote anayesubiri basi stendi ya Mtwara nguzo ya daraja inayohimili tetemeko inatakiwa iweje. Atakujibu: iwe nene, ngumu, ijae nondo, isitikisike. Jibu hilo lina mantiki yake, kwa sababu kazi ya nguzo ni kubeba, na kitu cha kubeba kila mtu anakitaka kigumu. Kwa tetemeko, hata hivyo, ni jibu lililowahi kuangusha madaraja. Nguzo inayotakiwa ni ile inayopinda, inayoyumba, na ambayo zege lake la nje hudondoka vipande vipande mahali palipopangwa tangu kwenye mchoro, ilhali daraja limebaki limesimama juu yake.

Watu wa kusini wana sababu ya kulijua hili. Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili usiku na dakika chache, tetemeko la kipimo cha karibu 6 lilitokea baharini kusini mashariki mwa Dar es Salaam, na chini ya bahari hiyo hiyo mipasuko ya ukanda wa Davie inateremka kupita mbele ya Lindi na Mtwara hadi Msumbiji. Kipimo kama hicho ndicho kilichobomoa nyumba Bukoba mwaka 2016, na pale kilikuwa chini ya watu. Tena kusini tunaishi kwa madaraja machache: la Mkapa kwenye mto Rufiji, na la Umoja lenye mita 720 pale Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, lililofunguliwa Mei 2010 kutuunganisha na Msumbiji. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara pale Somanga, na kila mtu aliona kinachotokea njia ikiwa moja na imekatika.

Turudi kwenye unene. Lori la tani 30 likisimama juu ya daraja, uzito wake ni tani 30, nguzo iwe nene au nyembamba. Kwa mzigo wa namna hiyo, kuongeza unene ni kuongeza usalama. Tetemeko si mzigo wa namna hiyo. Linachofanya ni kuiondoa ardhi chini ya daraja na kuirudisha, mara kadhaa ndani ya sekunde chache, wakati sehemu ya juu, yenye mamia au maelfu ya tani, bado inataka kukaa ilipokuwa. Nguzo iko katikati ya hayo mawili. Ikiwa ngumu sana, kila mtikisiko wa chini unapandishwa juu karibu wote, na nguvu inayoirudia nguzo inakuwa kubwa. Ikiweza kuyumba polepole, nguvu hiyo hupungua. Kwa maneno mengine, nguzo yenyewe inachangia kuamua itapigwa kwa nguvu kiasi gani.

Hapa pana tahadhari. Kwenye udongo laini wenye kina kirefu, ardhi yenyewe huweza kuyumba polepole, na hapo kuyumba polepole kunageuka hatari. Mji wa Mexico City, uliojengwa juu ya matope ya ziwa la zamani, ulionyesha hivyo kwenye tetemeko la mwaka 1985. Kwa hiyo hakuna kanuni ya kusema nguzo nyembamba ndiyo nzuri. Kinachokosewa ni kudhani unene peke yake unatosha.

Ushahidi mkubwa ulitoka kwenye tetemeko la Kobe, Japani, tarehe 17 Januari 1995. Kipande cha barabara ya juu ya Hanshin, chenye urefu wa mita 635 hivi, kililala ubavu. Nguzo zake zilikuwa na kipenyo cha takriban mita 3, yaani watu kadhaa washikane mikono ndipo waizunguke moja. Ndani yake, sehemu ya nondo za wima ilikatishwa mita chache juu ya msingi, na nguzo zilikatikia hapo. Miaka 24 kabla yake, kwenye tetemeko la San Fernando, California, nguzo za madaraja zilikuwa na vyuma vya kuzunguka vya takriban milimita 12, kimoja kila sentimita 30, hata nguzo iwe kubwa namna gani. Zilipotikiswa, zege lilimwagika na nondo zikapinda kwenda nje.

Vyuma hivyo vya kuzunguka mafundi wetu huviita ringi, na humo ndimo siri yote ilimo. Pita palipo na ujenzi Ligula au Shangani, mjini Mtwara, utamwona fundi nondo ameinamia ubao uliopigiliwa vipande vya chuma, anakunja ringi moja baada ya nyingine. Ukigusa kona ya chuma mara tu baada ya kukunjwa kwa nguvu, ina joto kidogo. Joto hilo ni nguvu ya mikono yake iliyoishia ndani ya chuma, na ndivyo nguzo inavyomaliza nguvu ya tetemeko: nondo zake zikikunjwa huku na huku, mtikisiko unageuka joto badala ya kuendelea kuliyumbisha daraja.

Lakini nondo hazitafika huko kama zege limeshasagika, na zege kulizuia kusagika ni kazi ya ringi. Fikiria korosho zilizomwagwa sakafuni. Zikanyage, zinatawanyika pembeni, hazibebi kitu. Zitie kwenye gunia, zishindilie, shona mdomo. Sasa unaweza kupanga gunia juu ya gunia mpaka karibu na paa la ghala. Korosho ni zile zile, na gunia tupu halisimami hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba kila korosho inayotaka kukimbilia pembeni inakutana na kitambaa kinachoirudisha ndani, na ikikosa pa kukimbilia inabeba. Zege nalo likikandamizwa mno hujaa nyufa na kutaka kutanuka pembeni. Ringi hukaza hapo ndipo, kama gunia linavyokaza likishajaa. Na kama gunia lililoshonwa kwa nafasi kubwa linavyovuja kati ya uzi na uzi, ndivyo ringi za kila sentimita 30 zinavyoliachia zege.

Tofauti inapimika. Kipande cha zege chenye kimo cha mita 1, kisicho na ringi za maana, huanza kusagika kikibanwa hadi kufupika milimita 3 au 4. Kikifungwa vizuri kinaweza kufupika zaidi ya milimita 10 na kuendelea kubeba. Hesabu zake ziliandikwa na wahandisi Mander, Priestley na Park mwaka 1988, na bado zinatumika.

Ncha ya ringi pia ina neno. Ikikunjwa nyuzi 90 tu, huwa imeshikiliwa na zege la nje. Zege hilo likidondoka, ringi inafunguka. Ikikunjwa nyuzi 135, ncha inaingia ndani ya kiini cha nguzo na inabaki imeshika. Kazi ya ziada ni sekunde chache ubaoni, na sioni sababu yoyote ya kuiruka, hata kwenye nguzo ya nyumba.

Park huyo huyo, Robert Park, na mwenzake Thomas Paulay wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, walijenga fikra nzima juu ya hapo: mhandisi achague mapema nguzo itapinda wapi, kwa kawaida karibu na msingi au chini ya bimu ya juu, apabane pale kwa ringi nyingi, kisha sehemu nyingine zote azifanye ziwe na nguvu kuliko pale. Msingi, uliofukiwa usikoonekana, haupewi ruhusa ya kuvunjika.

Nguzo hizi hupimwa kwa jeki zinazozisukuma huku na huku, kila mzunguko mbali zaidi, au juu ya meza kubwa ya kutikisa. Mwaka 2010, Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilipandisha nguzo ya ukubwa halisi: kipenyo mita 1.2, kimo mita 7 na ushei, na juu yake zaidi ya tani 200 za zege. Ikapigwa mitikisiko kumi mikubwa mfululizo mpaka karibu na kuanguka. Majaribio ya ukubwa huo ni adimu. Mengi hufanywa kwa nguzo ndogo, na nguzo ndogo haifanani na kubwa kwa kila kitu. Meza pia haina udongo wa mtoni chini yake. Mchanga uliolowa hupoteza nguvu ukitikiswa, na huko Niigata, Japani, mwaka 1964, vipande vya daraja jipya la Showa viliangukia mtoni kwa sababu ya ardhi iliyoteleza chini ya nguzo.

Limebaki tatizo moja: nguzo iliyopinda haiwi lazima inyooke. Baada ya Kobe, nguzo zaidi ya 100 zilibomolewa kwa kuinama tu, ingawa hazikuanguka. New Zealand walikuwa na jibu tangu 1981 kwenye daraja la reli la South Rangitikei, ambalo nguzo zake huinuka upande mmoja wa kitako, kisha hurudi chini kwa uzito wa daraja lenyewe. Jibu jipya liko Seattle, Marekani, kwenye daraja moja la kutokea barabara kuu: ndani ya nguzo zake, pale zinapotarajiwa kupinda, kuna nondo za nikeli na titani, ambazo zikishavutwa hurudi urefu wake. Ni ghali kuliko chuma cha kawaida kwa mbali, ndiyo maana zimewekwa hapo tu.