Je, wajua kwa nini lori kuukuu la jeshi hupita tope lililoishinda Fuso?

Masika, barabara za ndani ya msitu wa Sao Hill, Mufindi, hugeuka uji mwekundu. Siku moja niliona Fuso imezama na shehena ya magogo ya misindano. Utingo alikuwa akitupia matawi chini ya tairi za nyuma, nazo zikiyatafuna na kuzunguka pale pale. Likaja lori kuukuu la jeshi, rangi ya kijani imebabuka, likapita kando yake polepole, likafungwa mnyororo na kuivuta Fuso hadi pakavu. Watu wakasema: "Injini ya jeshi hiyo, ina nguvu!"

Sivyo. Chukua mfano wa ZIL-131, lori la jeshi la Kisovieti la miaka ya 1960: lina injini ya petroli ya nguvu za farasi 150. Fuso kubwa nyingi za magogo zinazidi hapo. Siri iko chini, pale tairi linapogusa udongo.

Fuso ya kawaida husukumwa na ekseli ya nyuma peke yake, na difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kati ya tairi za kushoto na kulia, hupeleka mzunguko kwenye tairi lililo jepesi kuzunguka. Upande mmoja ukiteleza, huo ndio unaozunguka bure, na ule wenye udongo mzuri unabaki umetulia. ZIL-131 lina ekseli tatu na zote zinasukuma. Mbele ikiteleza, za nyuma bado zina kazi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitazami kabisa: tairi za nyuma za malori mengi ya aina hii ni moja moja, si mbili mbili. Zinafuata njia ile ile iliyokwisha kukanyagwa na za mbele. Tairi pacha za Fuso ni pana kuliko la mbele, kwa hiyo hulazimika kujichimbia njia mpya, huku tope na mawe vikibanwa katikati yake.

La tatu, ambalo mimi nalipenda kuliko yote, ni upepo. Chukua tairi lililobeba kilo 2,000. Likiwa na upepo wa kilo 4 kwa kila sentimita ya mraba, litagusa ardhi kwa takriban sentimita za mraba 500. Punguza upepo ufike kilo 2, nalo linatandaza wayo hadi sentimita 1,000. Mzigo ni ule ule, ila udongo unabebeshwa nusu kwa kila sentimita. Kwenye ZIL-131 dereva anaupunguza na kuujaza akiwa ameshika usukani, bila kushuka. Akifika lami lazima aujaze upya, maana tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo kasi hupata joto na kupasuka ubavuni.

Kwa nini basi majeshi huyauza? Hupata mapya, na ya zamani huenda mnadani, mengi yakiwa yametembea kilomita chache kwa umri wake. Hapo ndipo mnunuzi hudanganyika. Nchi yetu ililionja hilo zamani. Mwaka 1947 Waingereza walipoanza mradi wa karanga Kongwa, walinunua matrekta na makatapila yaliyobaki Ufilipino baada ya vita, na mengi yalifika yamechoka. Hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers, vikaitwa Shervick. Mashine zilikufa, spea zikakosekana, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Kulikuwa na sababu nyingine, ukame na udongo mgumu kama saruji, lakini hakuna fundi anayeweza kuponya katapila lisilo na spea zake.

Kwa hiyo anayetaka kukusanya malori haya Mafinga au Makambako asianze na kilomita za kwenye dashibodi. Gari lililosimama miaka 20 huozea kwenye mpira: sili, hosi za breki, kuta za tairi. Lala chini ya lori, shika hosi moja uipinde taratibu karibu na kiungio. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama za udongo wa kiangazi, hesabu kwamba zote ziko hivyo, na uulize spea zake zinapatikana wapi kabla hujataja bei.